Shangazi, ziwa moja limesinyaa, mume hataki kunilipia upasuaji

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 27, mtoto wangu wa miezi 14 bado ananyonya. Ziwa la kulia limesinyaa, la kushoto kubwa, hadi nakunja kitambaa nakiweka kwenye sidiria. Nataka upasuaji yalingane. Mume anasema tusubiri, hela iliyopo ni ya bati. Mama mkwe naye ananisimanga eti mtoto nampa ziwa moja. Nahisi mume hanitaki tena. Mama Mtoto, Tanga.*

Marahaba, na pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, sijaona mahali mumeo alipolisema vibaya ziwa lako. Kasema tusubiri. Hilo la kutokutaka umelitia wewe. Mwanamume anayewaza bati la nyumba mtakayolala wote kakukosea nini?

Mama mkwe ndiye namuunga mkono zaidi. Ziwa hutoa maziwa kadiri linavyonyonywa. Lisiponyonywa hupunguza kazi, likanywea. Nawajua nyie: mtoto mkono wa kushoto, simu mkono wa kulia, basi kutwa ni ziwa la kushoto tu. Mama wa watu kaliona hilo, wewe ukasikia masimango. Mwanzishie mtoto la kulia akiwa na njaa.

Ndoa za siku hizi nazo! Mtu anajipima kwa picha za kwenye simu, hajui kuwa wanawake wengi maziwa yao hayalingani.

Kisu chenyewe si mchezo. Ni nusu kaputi, kisha kubwa lipunguzwe au dogo litiwe mfuko wa silikoni, na mfuko huo haudumu maisha yote. Mirija ikikatwa, mtoto wa pili anaweza kukosa maziwa. Mimba nyingine nayo inaweza kuyabadilisha upya. Ndiyo maana madaktari hutaka kwanza umwachishe mtoto, ipite miezi kadhaa, ndipo waone yametulia vipi. Wapo wasichana ambao tangu kuvunja ungo ziwa moja halikuota sawasawa. Hao nawaambia wakamwone daktari bila aibu. Wewe bado.

Ila ukipapasa ukakuta uvimbe, au ngozi inabonyea, chuchu imeingia ndani, inatoka damu, usingoje. Nenda hospitali wiki hiihii, hata kwa hela ya bati. Hapo mumeo akikataa niandikie tena, nitamsema yeye.