Bando tunaweka wote, mbona siasa hatujui sawa?

Wadau wa Mbeya na Iringa, kuna kitu nakiona sana kijiweni kwetu hapa Mwanjelwa. Simu watu wanazo, bando wanaweka, ila uliza diwani wetu ni nani, wanaanza kuangaliana. Halafu kuna dada anauza viazi Uyole, huyo anafuatilia mpaka bajeti ya halmashauri na kila siku anazidi kutuacha.

Kumbe ishu yenyewe ya zamani. Mwaka 1970 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, yaani Tichenor, Donohue na Olien, walisema habari zikiongezeka kwenye jamii, wenye elimu na kipato wanazidaka haraka kuliko wengine, pengo linakua. Na hapo ilikuwa magazeti, redio na TV tu! Mi naona simu imeongeza hilo pengo, maana zamani taarifa ya habari ya saa mbili usiku nyumba nzima mnaisikia hata asiyetaka, mtu anasubiri mpira lakini jina la waziri ameshaliambulia. Kwenye simu ukipenda Simba na Yanga utaletewa Simba na Yanga mpaka usinzie.

Sasa msidhani ni maneno ya wasomi, hapa kuna hela. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kukopesha vikundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, mkopo hauna riba, ulisimamishwa 2023 ukarudi 2024. Tangazo likiwekwa mtandaoni nani analiona? Yule yule aliyezoea kuingia huko. Anaita wenzake wanaunda kikundi, wanaandaa katiba, wewe unakuja kusikia washapewa unaanza kusema wanapeana kwa kujuana (na kujuana kupo, sikatai).

Ushauri wangu, kama wewe ndo mjuaji wa ukoo, acha kurusha PDF kwenye grupu, kwenye simu ya kioo kidogo nani anafungua? Rekodi sauti ya dakika moja, sema hela ipo, inamhusu nani, aende ofisi gani. Hii inafanya kazi kweli, shangazi yangu wa Kilolo hasomi meseji ndefu ila sauti anasikiliza mpaka anamsikilizisha jirani. Wenye kitochi wapigie.

Na kama wewe ni wa mpira tu, sawa, ila tovuti ya Bunge ina Hansard, yaani kumbukumbu za yanayosemwa bungeni, na sehemu kubwa ni Kiswahili, tafuta jina la mbunge wako uone alichosema, ukikuta kimya hayo nayo ni majibu. Kijijini kuna mkutano mkuu, kisheria kila miezi mitatu, ule hauli bando. Nenda, uliza mapato na matumizi, hata mwenyekiti akinuna.