Kabla ya kuulizia bei ya mkono wa umeme, fumba ule usiokuwepo

Mashine ya kukatia majani ya ng'ombe iliuchukua mkono wangu wa kulia, chini kidogo ya kiwiko. Tangu nianze kuvaa mkono bandia wa umeme, vijana wa mtaani huniita saibogi, yaani nusu mtu nusu mashine, na waliokatwa viungo hunitafuta wakiulizia bei. Mimi huwauliza kwanza: ukijaribu kukunja ngumi ya mkono uliokatwa, kigutu chako kinafanya nini?

Jaribu leo. Weka vidole vya mkono mzima juu ya kigutu, fumba macho, kisha kunja ile ngumi isiyokuwepo. Utasikia msuli wa ndani ukituna. Kunjua, utatuna wa nje. Amri ya ubongo bado inashuka kwenye mishipa ya fahamu. Vilivyokosekana ni vidole vya kuitii. Ndani ya soketi yangu, yaani kikombe kigumu kinachovalishwa kwenye kigutu, kuna vipande vya chuma vinavyogusa ngozi na kunasa umeme mdogo mno wa misuli hiyo, mota ikafunga au kufungua kiganja. Fundi wangu, aliyesomea TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia pale Moshi, alinisimamia nifanye zoezi hilo miezi miwili kabla hajachukua vipimo. Namshukuru hadi kesho.

Aliyekatwa begani hana tena misuli hiyo, lakini mishipa ya fahamu anayo. Jesse Sullivan, fundi wa nyaya za umeme wa Tennessee, Marekani, alipoteza mikono yote miwili mwaka 2001. Daktari Todd Kuiken na wenzake wa Chicago wakaihamishia kwenye misuli ya kifua mishipa iliyokuwa ikienda mkononi. Akiwaza kufumba kiganja, msuli wa kifua hucheza na mkono bandia hufumba. Akiguswa pale kifuani, huhisi ameguswa mkono. Kwa hiyo kama bado hujapasuliwa, muulize daktari mishipa yako ataiacha katika hali gani. Mimi sikujua kuuliza, na fundo la mshipa ndani ya kigutu huniuma mpaka leo soketi ikilibana.

Mkono wangu hauhisi kitu. Wiki ya kwanza nilikamata kikombe cha plastiki cha chai huku nikimtazama mgeni. Kikapondeka, chai yote mapajani. Jifunze kushika kwa macho. Jasho nalo huvuruga mawasiliano, tembea na kitambaa.

Na huo usaibogi? Neno walilibuni wanasayansi Manfred Clynes na Nathan Kline mwaka 1960, wakimuwazia binadamu wa kuishi anga za juu, ambaye vifaa vingeshirikiana na mwili wake bila yeye kufikiri. Kwa kipimo hicho shangazi yangu mwenye betri ya moyo ananizidi mbali: yeye amelala, chombo kinafanya kazi. Mimi kila nikishika kitu natoa amri, na usiku nauvua mkono nauweka chaji.

Ila mwezi uliopita, ndani ya daladala, nilikuwa katikati ya mazungumzo na jirani, nikashtuka chupa ya maji imeshikwa na mkono wa umeme na kifuniko kiko kwenye mkono wa kushoto. Sikukumbuka kuiamuru ngumi ikunje.