Dambeli ya Thomas Inch: kwa nini kilo 78 zinamshinda anayenyanyua 140?

Swali: Nimesoma kuhusu Thomas Inch, Mwingereza wa mwanzoni mwa karne ya 20 aliyefanya maonyesho ya nguvu na kuuza mafunzo ya mazoezi kwa posta. Dambeli yake ya kilo 78, chuma kifupi chenye vichwa viwili vizito cha kunyanyua kwa mkono mmoja, iliwashinda karibu wote waliojaribu. Mimi nanyanyua kilo 140 kutoka sakafuni. Je, ilikuwa kiini macho? Naweza kujitengenezea?

Jibu: Si kiini macho, ingawa alikuwa pia na nyingine nyepesi zenye sura ileile, na hilo lilizua maneno. Anza na hesabu: kilo 140 kwa mikono miwili ni 70 kila mkono, tena kwenye chuma chembamba cha takriban milimita 28. Mpini wa Inch ulikaribia milimita 60. Kwa unene huo gumba halifiki kufunga juu ya vidole, kwa hiyo linabaki peke yake kuzuia upande mmoja.

Balaa lenyewe ni mzunguko. Chuma kirefu cha Olimpiki kina bering (vizungushio) kwenye ncha, sahani za uzito huzunguka bila kukusumbua. Dambeli ya Inch ni kipande kimoja: vichwa vikianza kubiringika, mpini unabiringika navyo na kufungua vidole. Inapanda sentimita chache, inajipindua, inakuponyoka kwenye ncha za vidole.

Kutengeneza ni rahisi. Nunua bomba la GI (chuma kilichopakwa zinki) la inchi 2. Hiyo inchi 2 ni jina la dukani tu, kipenyo cha nje ni milimita 60.3, yaani ndicho unachotaka. Kata urefu wa kina cha makopo yote mawili utakayotumia, pamoja na sentimita 12. Chomelea vipande vya nondo kwa msalaba kila ncha. Usipoviweka, zege litaachia bomba na kuzunguka lenyewe, na zoezi limekwisha maana. Simamisha ncha katikati kabisa ya kopo la rangi la lita 4, jaza zege (saruji 1, mchanga 2, kokoto 3), kesho yake geuza ujaze la pili. Acha sentimita 12 za kushika. Bomba likikaa pembeni, dambeli itapinduka upande uleule daima. Mwagilia siku 7. Utapata takriban kilo 20. Ndoo za lita 10 zitakupa karibu 50.

Fanya mara mbili kwa wiki, seti 5 za kunyanyua mara 3, kifundo cha mkono kikiwa kimenyooka, bila mikanda ya kufungia mkono kwenye mpini. Shina la gumba likiuma hadi kesho yake, punguza seti kabla ya kupunguza uzito.