Nikinunua shamba na kupata hati, mavuno yatapanda?

SWALI: Nalima mahindi na alizeti kwenye eka nne za kukodi wilayani Kilosa, mwaka wa tano sasa, na tunaandikiana kila msimu. Mwaka wa kwanza nilipata gunia 14 za mahindi kwa eka, mwaka huu 8, na mbegu na mbolea ya dukani ni zile zile. Mwenye shamba anataka kuniuzia. Kuna kijana anasema nilipe tu, mwenyekiti agonge muhuri, hati ya kimila itatoka ndani ya wiki mbili, benki itanikopesha na mavuno yatapanda. Ninunue? (Mkulima wa kukodi)

JIBU: Huyo kijana namfahamu ingawa sijawahi kumwona. Wateja wake wananijia kila mara, wakiwa wameshalipa.

Tuanze na gunia zako. Shamba limechoka, na kwa sehemu kubwa limechoshwa na mkataba wa msimu mmoja. Hukuweka samadi, wala sikulaumu: ukiimwaga leo, sehemu ndogo tu ya nguvu yake inafika kwenye mahindi ya mwaka huu, iliyobaki inalisha misimu ijayo, na hujui mwakani nani atashika jembe pale. Matuta ya kuzuia maji ni hivyo hivyo. Miti ndiyo usiseme: sehemu nyingi kupanda mti ni kudai ardhi, kwa hiyo mpangaji akionekana na miche ya grevilea anaambiwa afungashe. Unabaki na mbegu na urea, vitu vya kuliwa msimu huo huo. Nilipokuwa afisa ugani nilipenda kusimama kwenye mpaka wa shamba la mwenyewe na la kukodi, nikapiga jembe pande zote mbili. Upande wa mwenyewe lilizama. Upande wa pili liliruka kama limegonga sakafu.

Sasa watu wanaona mwenye shamba anavuna zaidi, wanahitimisha kuwa siri ni karatasi. Hapo ndipo ninapokosa subira. Kinachomfanya mtu abebe samadi ni uhakika kwamba atakuwepo, na uhakika huo wazee wengi wanao bila hati yoyote, kwa kuwa kijiji kizima kinajua shamba ni lao. Kenya walianza mapema: kuanzia 1954, chini ya Mpango wa Swynnerton, mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni, mashamba ya mkoa wa Kati yaliunganishwa, yakapimwa, yakapewa hati, kwa matarajio ya mikopo na mavuno. Watafiti waliolinganisha baadaye mashamba yenye hati na yasiyo nayo mara nyingi walikuta tofauti ndogo au hawakuiona kabisa. Mpango huo huo uliwafungulia Waafrika kilimo cha kahawa, na kahawa inajaza mfuko kuliko hati iliyolala sandukuni.

Na benki? Hatimiliki ya kimila inaweza kuwekwa rehani kisheria, lakini afisa mikopo anajiuliza: huyu akishindwa kulipa, nitamuuzia nani shamba la kijijini, na kijiji kitamkubali huyo mnunuzi? Ndiyo maana wengi wanakopeshwa kupitia AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) na vikundi.

Kununua si dhambi, ila si kwa njia hiyo. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, mauzo yanahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji, na Mahakama ya Rufani imeshatamka kwamba bila idhini hiyo mauzo ni batili. Mwenyekiti na muhuri wake si halmashauri. Kinatakiwa kikao, na muhtasari wa kikao. Nimewahi kuletewa karatasi ya daftari yenye dole gumba na muhuri wa zambarau, imeandikwa "kusini limepakana na korongo". Mvua kubwa zilikuwa zimelihamisha korongo. Mnunuzi akawa na karatasi safi na nusu ya shamba.

Ningekuwa wewe ningeomba kwanza mkataba wa kukodi wa miaka mitano, ulioandikwa na kupitishwa na halmashauri ya kijiji, mke wa mwenye shamba akiwa amesaini (na watoto wakubwa pia, maana kesi nyingi huanza baada ya matanga). Weka sharti kwamba akikutoa kabla ya muda atafidia matuta na samadi. Changanya mbaazi kwenye mahindi, na mabua acha kuyachoma. Hapo utajua shamba linastahili bei gani.

Kwa wengine mnaofuatwa na vishoka wa aina hii: hati ya kimila haianzi na muhuri. Inaanza na mipaka ya kijiji iliyopimwa, kisha shamba lako linahakikiwa majirani wakiwa wamesimama kwenye mipaka, na hati yenyewe inasainiwa kijijini na kusajiliwa na afisa ardhi wa wilaya. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi, nenda ofisi ya ardhi ya wilaya uulize kama kijiji chenu kina cheti cha ardhi ya kijiji, yaani karatasi ya mipaka ya kijiji kizima. Ukiambiwa hakina, hiyo hati ya wiki mbili inachapishwa kwenye duka la fotokopi.