Usipande ndege kabla barua ya siku 15 haijaiva

Ndugu, rudisha nguo kabatini. Unasema klabu yako ya ugenini haijakulipa miezi mitatu, wakala amekuambia mkataba "umeshakufa wenyewe" na uondoke wiki hii, halafu unauliza klabu mpya itakusajili vipi na wakala achukue asilimia ngapi. Unahesabu asilimia za nini, na mkataba wenyewe unataka kuutupa?

Mkataba haufi wenyewe. Maneno hayo hayo nilipewa na wakala wangu, nikayaamini, nikaondoka.

Kanuni za FIFA za uhamisho wa wachezaji, ibara ya 14bis, zinasema hivi: klabu ikishindwa kulipa angalau mishahara miwili kwa tarehe zake, una sababu halali ya kuvunja mkataba, ila kwanza uidai kwa maandishi na kuipa muda usiopungua siku 15 ilipe deni lote. Muda ukipita deni halijaisha, ndipo unaandika barua ya pili, ya kuvunja mkataba. Ikilipa kidogo tu, haijatimiza. Ikilipa yote, mkataba unaendelea.

Mimi nilikuwa na meseji za kumuuliza mhasibu "vipi kaka, mshahara?" na ahadi za mdomo za mwenyekiti. Klabu ikawahi: ikaandika kwamba nimetoroka kazini, ikadai fidia. Mdai akageuzwa mdaiwa! Jasho la miezi niliyocheza lilitambuliwa, lakini likamezwa na fidia ya klabu. Na kilichoniuma zaidi ni pesa za mbele. Ukivunja mkataba kihalali, fidia yako inaanzia kwenye thamani ya muda uliobaki, kisha wanapunguza utakachopata klabu mpya katika muda huo. Hiyo yote iliniponyoka kwa kukosa karatasi moja.

Na usisahau kifungo. Ukiondoka bila sababu halali ndani ya miaka 3 ya mwanzo ya mkataba uliosaini kabla ya kutimiza miaka 28 (miaka 2 kama ulisaini baadaye), unaweza kufungiwa mechi za mashindano miezi 4. Klabu gani itakungoja?

Wakala wangu alipoteza nini? Hakuna. Kamisheni yake inatoka unaposaini kwingine, haitoki ukibaki unaandika barua za madai. Mtu kafaulu mtihani wa FIFA, ana leseni, halafu ananiambia "wewe njoo tu, mengine niachie mimi". Nilipoitwa kujibu madai, simu yake ikawa haipatikani. Mtu kama huyo hata kadi nyekundu ni ndogo, anastahili kufungiwa uwanja mzima.

Sasa fanya hivi. Andika leo, uitume kwenye barua pepe rasmi ya klabu, utaje kila mwezi unaodai, kiasi chake, akaunti ya kulipia na tarehe ya mwisho. Mimi ningetoa siku 16 au 17, wasipate pa kubishania hesabu. Siku zote hizo nenda mazoezini. Wakikukataza kuingia, waandikie siku hiyo hiyo kwamba ulifika ukazuiwa. Na wakikuletea karatasi ya "mpango wa kulipa kidogo kidogo", usiguse kalamu kabla mwanasheria hajaisoma. Ukisaini umekubali tarehe mpya za malipo, na barua yako imekufa.

Wasipolipa, peleka shauri kwenye chemba ya migogoro ya Baraza la Soka la FIFA (Football Tribunal). Mchezaji halipii ada pale, na una miaka 2 tangu tukio. Uamuzi usipokuridhisha, rufaa iko CAS, mahakama ya usuluhishi wa michezo kule Lausanne, Uswisi, ndani ya siku 21, lakini huko pesa zinatoka.

Barua kwanza. Chama cha wachezaji cha nchi unayochezea kinaweza kukusaidia kuiandika, wapigie asubuhi. Ukishaituma niambie tarehe, nikuhesabie siku.