Kutunza ardhioevu na kikosi cha vijana: mambo ya kupanga kabla hujasaini mkataba

Ukiajiriwa kuratibu ardhioevu iliyorejeshwa, mara nyingi utakuta shamrashamra zimeshapita. Matingatinga yameondoka, mitaro iliyokuwa ikikausha kinamasi imefukiwa, miche imepandwa, bango limesimikwa na wafadhili wameshapigwa picha mbele yake. Wewe umeletwa kwa ajili ya kinachofuata, ambacho hakina mpiga picha: kupalilia, kuzibua, kukagua, kupanda upya kilichokufa. Fedha ulizoachiwa hazitoshi kumlipa mkandarasi kila msimu, kwa hiyo haitachukua muda mtu atasema kikaoni, "Tuwatumie vijana wa kikosi cha uhifadhi."

Ni wazo zuri. Nimefanya kazi na vikosi hivi misimu mingi, na kwa kazi nyingi za matunzo nawachagua wao kabla ya mkandarasi. Ila ujue unanunua nini. Wengi hudhani wananunua mikono, na mikono si kitu adimu. Kinachookoa ardhioevu ni mikono ile ile kurudi mara kwa mara, kufika wiki inayotakiwa, na kuwa na macho yanayojua mmea gani ni gani. Karibu kila nitakachokuambia hapa kinatoka hapo.

Anza na kalenda ya magugu. Vikosi vingi huenda kwa mihula: vijana wanasajiliwa shule zikifungwa au mwaka wa fedha ukianza, wanafunzwa, wanagawiwa maeneo. Magugu hayajui habari hizo. Chukua Lythrum salicaria, mmea wa maua ya zambarau uliotoka Ulaya na Asia na kuvamia maeneo mengi ya maji Amerika Kaskazini. Mmea mmoja uliokomaa unaweza kutoa mbegu zaidi ya milioni 2 kwa mwaka. Ukiung'oa maua yanapoanza kuchanua, umeshinda. Ukimleta kijana aung'oe baada ya vichwa kukauka, kila hatua anayopiga kuelekea barabarani na mzigo begani anapanda msimu ujao. Kikosi kilichochelewa kinaweza kuwa na madhara kuliko kutokuwa na kikosi kabisa. Kama kuchelewa hakuepukiki, vichwa vya maua vikatwe kwanza, viingizwe kwenye mfuko palepale na mfuko ufungwe, ndipo mtu achimbue mzizi.

Typha, lile jani refu lenye kichwa cha kahawia, lina somo zuri zaidi, na ningependa ulielewe vizuri kwa sababu utalifundisha mwenyewe. Mashina yake yanayotambaa chini ya tope yanahitaji hewa, na tope halina hewa. Hewa hushuka kupitia majani yaliyo juu ya maji, kama kwenye mrija, na hata jani lililokauka linaendelea kuipitisha. Kijana akikata kiganja kimoja juu ya maji, mmea unaendelea kupumua na utachipua upya. Akiinama akakata kiganja kimoja chini ya maji, na maji yakabaki juu ya kisiki, shina la chini linakosa hewa na kuoza. Jasho ni lile lile na siku ni ile ile, tofauti ni viganja viwili. Lakini angalia hilo sharti la pili: maji yabaki juu ya kisiki. Hilo haliko mikononi mwa kikosi, liko kwako wewe mwenye lango la maji. Ukipanga wiki ya kukata halafu mwenzako akateremsha maji wiki inayofuata ili akague tuta, umewatesa watoto wa watu bure.

Magugu maji nayo, kwenye maji ya joto yenye rutuba, yanaweza kujizidisha maradufu ndani ya wiki mbili hivi. Kuyatoa kwa mikono kunafaa pale tu yalipo machache, na yaliyotolewa yarundikwe mbali, juu ya mstari ambao mafuriko hufika. Mbegu zake hukaa topeni miaka mingi, kwa hiyo kurudi ndiyo kazi yenyewe.

Sasa unaona kwa nini nasema ukubali ziara fupi nyingi badala ya kambi moja ndefu. Wiki nne mfululizo zinapendeza kwenye ripoti, lakini kwa kinamasi siku mbili kila baada ya wiki tatu zina faida kubwa zaidi. Wasimamizi wa vikosi hawazipendi ziara fupi, na wana haki, kwa sababu gari, mafuta na vifaa vinagharimu sawa kwa siku mbili na kwa siku kumi. Njia iliyonisaidia ni kuzungumza na wenye maeneo jirani tukaomba kikosi kwa pamoja, kikazunguka: kwangu Jumatatu na Jumanne, kwa jirani siku zilizobaki. Anza mazungumzo hayo mapema mno, miezi mingi kabla ya msimu, kwa sababu programu hizi hujaza ratiba zao wakati wewe bado unasubiri bajeti ipitishwe. Na ndani ya mkataba iandikwe wazi nini kitatokea maji yakipanda kusiwe na pa kukanyaga: siku inahesabiwa, inaahirishwa, au kuna kazi ya akiba ya nchi kavu? Ugomvi mwingi niliousikia kati ya waratibu na vikosi ulikuwa juu ya siku za mafuriko.

Tuje kwenye macho. Saa ya kwanza ya siku ya kwanza usimpe mtu panga. Wape mimea. Amerika Kaskazini kuna matete ya asili na matete vamizi, ndugu wa spishi moja, Phragmites australis, na kwa mbali huwezi kuyatofautisha. Ya asili yana shina laini lenye wekundu, na ala za majani, yaani sehemu ya chini ya jani inayolivika shina, hubanduka zenyewe. Ya vamizi yana shina la rangi ya majani makavu lenye mistari inayokwaruza, na ala zake hung'ang'ania hata baada ya mmea kufa. Mimi huwaambia vijana wafumbe macho wapapase. Kidole hukumbuka kitu ambacho jicho husahau, na zoezi lenyewe linawachekesha, ambalo si jambo dogo saa moja asubuhi. Popote ulipo, tafuta jozi ya namna hiyo, mmea unaopaswa kutoka na pacha wake unaopaswa kubaki, na uanze na hiyo. Siku ya kwanza waondoe tu mimea uliyoifunga utepe. Siku ya pili wafanye kazi wawiliwawili, kila mmoja akimkagua mwenzake. Kanuni iwe moja: ukisita, uache.

Kuna mtego mmoja hapa. Mwaka 1992 mbawakawa wadogo wa jenasi ya Galerucella walianza kuachiliwa Marekani na Kanada ili wale ule mmea wa maua ya zambarau. Mmea walioushambulia una majani yenye vitundu kama umepigwa marisawa, umedumaa, unatia huruma. Mgeni anaukimbilia kwanza kwa sababu ndio unaoonekana mbovu. Huo ndio wa kuachwa! Ukiung'oa unatupa na mbawakawa waliokuwa wakikufanyia kazi bila malipo. Elezea kikosi jambo hili na mmea wa namna hiyo ukiwa mkononi mwako, maana maneno matupu hayaingii.

Watu husema vijana hawajali. Historia inasema wanafanya kile walichoelekezwa. Kikosi maarufu kuliko vyote, Civilian Conservation Corps cha Marekani, kilichodumu kuanzia 1933 hadi 1942 na kupitisha vijana wapatao milioni 3, kilijenga matuta na mabwawa ya hifadhi ya Seney kule Michigan, ambayo yamerudisha ndege kwenye ardhi iliyokuwa imekaushwa. Miaka hiyo hiyo vijana wa vikosi vya serikali walichimba mitaro ya kupambana na mbu kwenye vinamasi vya chumvi vya pwani ya Atlantiki, na kufikia mwisho wa miaka ya 1930 takriban asilimia 90 ya vinamasi hivyo kuanzia Maine hadi Virginia vilikuwa vimechimbwa mitaro. Wanaovirejesha leo bado wanahangaika na mitaro ile. Mabega yalikuwa yale yale, aliyeshika ramani ndiye aliyetofautiana.

Yapo ya kutowapa. Dawa za kuua magugu karibu na maji waachie wenye leseni. Lango la maji asiliguse mtu mwingine isipokuwa wewe au uliyemteua kwa jina. Misumeno ya injini inategemea umri: kwa sheria ya Marekani, mwajiriwa aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuitumia, wala mashine ya kusaga matawi, na kikosi cha vijana cha serikali ya shirikisho kule, Youth Conservation Corps, hupokea wa miaka 15 hadi 18. Kwa hiyo uliza umri kabla ya kupanga kazi, usije ukagundua asubuhi ya siku yenyewe.

Usalama wa kinamasi una mambo yake ambayo mafunzo ya jumla ya vikosi huyaruka. Suruali ya mpira inayofika kifuani lazima ifungwe mkanda kiunoni, kwa nje, ukaze. Mtu akiteleza bila mkanda inajaa maji na hawezi kusimama. Kila mtu awe na fimbo ya kupima mbele yake, na asiingie majini peke yake. Aliyezama topeni hadi magotini afundishwe kulala chali na kutoa mguu mmoja taratibu, kwani kuvuta kwa nguvu ukiwa umesimama kunazidi kukuzamisha. Katika maeneo yenye kichocho, au yenye homa inayoenezwa na mkojo wa panya, mwenye kidonda asiingie majini, na hilo lisemwe bila kumwaibisha.

Halafu buti. Charles Darwin aliwahi kuchota vijiko vitatu vya tope kutoka ukingo wa kidimbwi, akaliweka kwenye kikombe kwa miezi 6, akawa anang'oa na kuhesabu kila mche uliochipua. Alipata miche 537. Mimi huwasimulia vijana kisa hicho mbele ya ndoo na brashi, kisha namwomba mmoja ageuze soli ya gambuti lake watu waone. Baada ya hapo sihitaji kubishana na mtu kuhusu kupiga brashi kabla ya kupanda gari. Kikosi kinachozunguka kati yako na majirani, kama nilivyokushauri, ni hatari maradufu kwa jambo hili, kwa hiyo ndoo ni sehemu ya makubaliano, siyo hiari.

Mtu mmoja anastahili muda wako kuliko wote: kiongozi wa kikosi. Mara nyingi naye ni kijana, amewazidi wenzake miaka michache tu, na anabeba gari, chakula, ugomvi, wanaoumwa na wanaolia usiku. Tembea naye eneo zima siku moja kabla, ninyi wawili tu. Mpe ramani yenye mipaka, na mpe ruhusa ya kusimamisha kazi bila kukupigia simu. Programu ikimbadilisha katikati ya msimu, hesabu kwamba unaanza upya na udai siku ya kutembea na yule mpya.

Kuhusu vijana wenyewe nina neno moja la ukali. Wengi wamekuja wakitafuta njia ya kuingia kwenye kazi hii. Ukiwabebesha mifuko tu kuanzia asubuhi hadi jioni halafu ukaandika kwenye ripoti kwamba umewajengea uwezo, umewadanganya wao na mfadhili. Wape vituo vya picha. Kigingi kimoja, upande mmoja wa dira, kipindi kile kile cha mwaka, picha ileile. Wao wapige, wao waandike kina cha maji, wao wachore kwenye ramani kila kiraka cha magugu walichokikuta. Ni kazi halisi, unaihitaji, na kijana anaweza kuieleza kwenye usaili wa kazi.

Tena rekodi hizo ndizo zitakazokuokoa. Usiripoti idadi ya mifuko. Mifuko inayoongezeka kila mwaka inafurahisha watu wa ofisini, ilhali maana yake magugu yanakushinda. Ripoti ukubwa wa viraka na umeshuka kiasi gani. Marekani, kanuni za mwaka 2008 kuhusu ardhioevu zinazorejeshwa ili kufidia zile zilizoharibiwa zinataka ufuatiliaji wa angalau miaka 5, na zaidi kwa zile za misitu. Misaada mingi ya kawaida huishia mwaka wa pili, wakati miche bado haijafunga kivuli. Mwaka wa tatu ndio magugu hurudi kwa fujo, hivyo gharama ya kikosi kwa mwaka huo iombe ukiwa bado kwenye mwaka wa kwanza, picha za bango zikiwa bado mpya.

Msimu wa mwisho wa mkataba, tenga siku mbili za kuondoa vitu vyenu wenyewe. Uzio wa kuzuia bata bukini, kamba, vigingi vya miche iliyokwisha kushika, mirija ya plastiki iliyokuwa ikikinga miti michanga na sasa inaikaba, tepe zote za rangi. Hakuna atakayekukumbusha, na kikosi kikishaondoka utavitoa mwenyewe, kimoja kimoja, maji yakiwa magotini.