Kagongwa na basi la hoteli akivuka nje ya zebra: ana haki, na asisaini kwanza

Mleta mada, nikikuelewa vizuri: mdogo wako alikuwa matembezini ng'ambo, akavuka barabara ya ufukweni mahali pasipo na zebra, akagongwa na basi dogo la hoteli. Dereva anasema kosa ni lake mwenyewe. Sasa meneja anampa hela ya dawa kwa sharti asaini karatasi. Unauliza kama ana haki yoyote, na kama asaini.

Mimi nimefanya kazi miaka kadhaa kitengo cha madai, bima ya magari. Mafaili ya namna hii yalikuwa mkate wangu, hasa yale ya miji ya watalii, kwa hiyo nakwambia jinsi tulivyoyasoma sisi wenye kulipa.

Kuvuka nje ya zebra si mwisho wa madai. Katika nchi nyingi swali siyo nani ana kosa na nani hana. Ni kila mmoja alichangia kiasi gani. Tatizo ni kwamba hukutaja nchi, na hapo ndipo mambo yanapopishana, kwa sababu kwa kawaida inatumika sheria ya mahali ajali ilipotokea, hata kama mgeni ana pasipoti ya kwingine. Ingekuwa Ufaransa, ningekwambia tulia: tangu sheria ya Julai 1985, maarufu kwa jina la waziri wake Badinter, mwenda kwa miguu aliyeumia hulipwa hata kama alivuka ovyo, isipokuwa kosa lake liwe lisilosameheka na liwe ndilo chanzo pekee cha ajali. Mwenye chini ya miaka 16 au zaidi ya 70 amelindwa zaidi ya hapo. Uingereza mahakama itampunguzia fidia kwa kadiri ya uzembe wake. Jimbo la Florida, Marekani, tangu Machi 2023, akionekana ana zaidi ya asilimia 50 ya kosa anaondoka mikono mitupu. Na majimbo ya Virginia au Maryland, huko huko Marekani, bado kuna ile sheria ya zamani na ngumu, kwamba hata uzembe kidogo tu wa aliyegongwa unaweza kumkosesha kila kitu. Jiji la Washington, lililo katikati yao, liliwaondolea waenda kwa miguu balaa hilo mwaka 2016. New Zealand ni dunia nyingine kabisa: mfuko wa serikali ulioanza 1974 unagharamia matibabu ya majeruhi, wageni wakiwemo, bila kuuliza nani mkosaji, lakini kwa upande wa pili huwezi kumshtaki dereva akulipe fidia ya majeraha.

Sasa hoja ambayo watu wengi hawaitumii, nayo ndiyo iliyokuwa ikitusumbua sisi. Dereva anatakiwa awe mwangalifu kulingana na mahali alipo. Kwenye mtaa wa hoteli na baa, watu wanatoka kila upande, watoto wanakimbilia maji, na mgeni kutoka nchi ya kuendesha kushoto anatazama upande usio sahihi. Dereva wa hoteli anapita hapo kila siku. Hawezi kudai kuwa alishtukizwa na jambo analoliona kila siku! London wameandika chini kabisa barabarani kumwambia anayevuka atazame upande gani, maana wanajua wageni hukosea. Kwa hiyo mwendo wa basi, mwanga wa mahali pale na mazoea ya dereva na njia ile vina uzito kuliko umbali wa zebra.

Lakini hoja bila ushahidi ni maneno. Kamera za hoteli na maduka hujifuta zenyewe baada ya muda, kwa hiyo leo hii aandike barua au baruapepe kuomba picha zihifadhiwe, na abaki na nakala. Mashahidi wa mji wa watalii nao hupanda ndege wakaenda zao. Achukue majina na namba zao sasa. Achukue taarifa ya polisi na mchoro wa ajali. Hospitalini ataje kila kinachouma, hata kizunguzungu kidogo, kwa sababu maumivu yasiyoandikwa siku za mwanzo tulikuwa tunayakataa bila huruma. Faini ya trafiki anayotozwa dereva, kwa njia, haimlipi majeruhi chochote. Ile ni kesi ya serikali, fidia ni madai yake mwenyewe.

Tuje kwenye karatasi. Hoteli inawajibika kwa dereva wake akiwa kazini, na basi la abiria kwa kawaida lina bima ya kulipa watu wengine linaowaumiza. Meneja anayetaka kumaliza kimyakimya mara nyingi anakimbia kupandishiwa bima, na si ajabu mkataba wake wa bima unamkataza kukubaliana na mdai bila kampuni kujua. Mdogo wako atafute maneno kama "malipo kamili na ya mwisho". Akisaini hayo, halafu goti likahitaji upasuaji baada ya miezi minne, tulikuwa tunatoa ile karatasi kwenye faili na mazungumzo yanaishia hapo. Kama hana hela ya dawa, apokee, lakini risiti iseme ni sehemu ya gharama za matibabu na haifuti madai mengine. Wakikataa maneno hayo, basi ujue walikuwa wananunua nini. Na asisaini chochote kwa lugha asiyoisoma.

Wakili awe wa huko huko, na aulizwe mwanzoni anatoza vipi. Asichelewe: Uingereza muda wa kufungua madai ya majeraha kwa kawaida ni miaka 3, Florida sasa ni 2, na gari likiwa la serikali baadhi ya nchi hutaka taarifa ya maandishi mapema zaidi.

Taja nchi. Tuambie pia kama basi lilikuwa na wageni ndani au dereva alikuwa kwenye mizunguko yake binafsi, maana hapo ndipo hoteli itakapojaribu kuchomokea.